Mtoto Ametimiza Miaka 18, Nani Alipe Chuo?

Karatasi ya talaka yetu, iliyoandikwa mjini Lamu mwaka 2016, imetaja mambo mengi. Imetaja eda na nafaka yake, yaani fedha ya matunzo, mahari iliyokuwa haijamalizwa, kitanda na kabati kuwa vyangu, nafaka ya watoto wawili kila mwezi, ada ya shule na ya madrasa, na kwamba Idi moja watoto watakuwa kwangu na ya pili kwa baba yao. Kifungu cha watoto kinamalizikia kwa maneno "mpaka watimize umri wa miaka 18". Siku ile hakuna aliyeyauliza maneno hayo, wala mimi, wala mtalaka wangu, wala ndugu waliotusindikiza. Binti yetu alikuwa darasa la tano, na mdogo wake wa kiume alikuwa bado wa kubebwa.

Naandika kwa ajili ya walioachana ambao watoto wao bado wadogo. Kifungu kile kilikuja kumwangukia mtoto ambaye hakuwa na mkono katika ugomvi wetu, na nimeona nyumba nyingine nyingi hapa kisiwani na kule Malindi zikipita njia hiyohiyo.

Mtoto wa Kenya humaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, wengine 19. Kwa hivyo karatasi inayokoma kwenye 18 inakoma palepale ambapo gharama kubwa kuliko zote ndiyo kwanza zaanza. Binti yangu alitimiza 18 kabla hajakaa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, wa 2023. Baba yake, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosa kutuma nafaka hata upepo wa kusi ulipokuwa mkali na kazi yake ya boti imesimama, akapunguza fungu la binti mwezi uleule, akabakisha la mdogo. Hakunitukana wala hakujificha. Alinipigia simu na kuniambia: "Mama, mimi nimemaliza wajibu wangu kwa huyu mkubwa. Karatasi yasema 18, nami nimefika."

Matokeo yakatoka Januari 2024. Alama zake zilimtosha kuingia chuo kikuu, na baadaye nafasi ikaja: shahada aliyoiomba, lakini bara.

Asiyeishi kisiwani huenda asijue maana yake. Mtoto wa Lamu akipata kozi bara, huvuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la kupitia Witu na Garsen, akafika Malindi, na kama chuo ni Kilifi au Mombasa safari bado. Nauli hiyo ni ya kila likizo, kwenda na kurudi. Juu yake weka godoro, chumba cha kupanga ikiwa bweni limejaa, chakula, bando za intaneti, na kompyuta ya mkononi ambayo kwa kozi yake haikuwa anasa. Mimi kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Kofia moja iliyoshonwa kwa utulivu hukaa mikononi wiki nyingi, na fedha yake ikija huwa tayari ina mwenyewe dukani. Naweza kumlisha mwanangu na kumvisha kwa kofia zangu, lakini chuo kikuu peke yangu sikiwezi, na sioni aibu kusema hivyo.

Jambo la kwanza lililonifunza lilikuwa fomu. Tangu 2023 serikali ilibadilisha jinsi ya kugharamia wanafunzi wa vyuo vikuu: sehemu moja ni ufadhili ambao haurudishwi, sehemu ya pili ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu ya tatu hutoka kwa familia. Katika mpangilio wa makundi matano uliotumika 2024, familia ya kundi la kwanza iliachiwa asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 40. Kundi hupimwa kwa hali ya nyumba, na maombi hutaka habari za wazazi wote wawili: nambari za vitambulisho, kazi, kipato. Fomu haimalizwi na mama peke yake. Mtalaka wako anaweza kuwa ameoa mke mwingine, amehamia mji mwingine, hamjasalimiana miaka, lakini siku ya maombi utamtafuta. Sisi tulikuwa tukisalimiana, na hata hivyo nambari ya kitambulisho ilichukua muda mrefu kunifikia, kwa sababu aliogopa kwamba kuitoa ni kukubali kulipa. Ami wa mtoto ndiye aliyemtuliza.

Na hapo hapo pana jambo ambalo familia nyingi hulipita haraka. Baba akisusa na mama akishindwa, jawabu linalosikika barazani ni "mwache achukue mkopo". Mkopo ni deni la mtoto mwenyewe. Unarudishwa kwa riba, ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wengi wa shahada, naye ndiye atakayedaiwa akishamaliza masomo, ameajiriwa au bado. Sipingi mkopo; binti yangu anao, na bila huo asingeingia darasani. Ninachokataa ni wazazi wawili wenye nguvu zao kumtwika mtoto sehemu yao ya tatu kwa kuwa wao hawakuelewana.

Tulikaa kikao nyumbani kwa ami yake binti, mtaa wa Langoni. Walikuwepo babu mzaa baba, kaka yangu mkubwa, na sheikh mmoja tunayemheshimu. Baba mtoto alipanda basi kutoka Malindi akaja, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Nilidhani sheikh atasema neno moja na mambo yaishe, lakini alituweka chini akatufundisha. Alisema nafaka ya mtoto iko juu ya baba, hilo halina mjadala, na talaka haiiondoi. Kuhusu mtoto aliyekwisha kubaleghe na ana nguvu za kufanya kazi, akasema wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hilo, na wapo wanaomhesabu mwenye kutafuta elimu kuwa hajaweza kujitegemea. Hakutaka kutumia kitabu kama rungu la kumpigia mtu. Akasoma aya ya Suratu Talaka, kwamba mwenye wasaa agharimu kwa wasaa wake na mwenye dhiki atoe katika alichopewa na Mwenyezi Mungu, kisha ile ya Suratul Baqara, kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe wala baba kwa sababu ya mwanawe. Akamgeukia mtalaka wangu na kumuuliza kwa upole: "Baba, wewe wasaa wako ukoje?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Mimi nilikuwa nikimwambia anachodaiwa, wala simuulizi alichonacho. Akaeleza. Yeye ni nahodha wa boti inayopeleka watalii kwenye mbuga ya baharini ya Malindi. Kaskazini zinapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, wageni ni wengi na mfuko una kitu. Kuanzia Aprili kusi huingia, bahari huchafuka, wageni huondoka, na boti hupandishwa pwani kufanyiwa matengenezo. Ana watoto wengine wawili wadogo kwa mke wake wa sasa, nao wana haki zao. Vyuo vingi hufungua mwaka wa masomo karibu na Agosti na Septemba, wakati ambao yeye ndiyo kwanza anatoka kwenye njaa ya kusi. Kumdai nusu ya ada mwezi huo kulikuwa ni kumlazimisha akope au aseme hapana, naye alikuwa amechagua kusema hapana.

Kaka yangu alitaka twende mahakamani moja kwa moja. Nilimsikiliza, nikaenda kwa msaidizi wa kisheria kuuliza kabla ya kuamua. Aliyonieleza nayaandika hapa kwa sababu watu wengi wa pwani wanaamini kwamba mtoto akishapata kitambulisho, sheria imefunga mlango. Haikufunga. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya malezi ya wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Hiyo ni kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inairuhusu mahakama kuendeleza wajibu wa mzazi kupita miaka 18 pakiwa na sababu maalumu. Mtoto ambaye bado yuko masomoni, au mwenye ulemavu anayehitaji uangalizi, ni miongoni mwa wanaoombewa. Ombi linaweza kuletwa na mzazi, au na mtoto mwenyewe. Mahakama haitoi amri kwa kila anayeomba. Huangalia uwezo wa wazazi wote wawili, mahitaji ya mtoto, na kama masomo hayo kweli yanaendelea.

Alinieleza pia suala la mahakama gani. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, huhukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu walioridhia kuhukumiwa nayo. Ombi la kuendeleza matunzo ya mtoto chini ya Sheria ya Watoto lina njia yake katika mahakama ya watoto, mbele ya hakimu. Nilikuwa nimejiandaa kurudi palepale tulipoandikiana talaka, na bila maelezo yake ningeanza kwa mlango usiokuwa wangu.

Nina binamu anayeishi Marekani, jimbo la Illinois, naye ameachana na mumewe hukohuko. Nilipomsimulia alinieleza kwamba kwao sheria ya jimbo imeandika wazi kuwa mahakama inaweza kuwaamuru wazazi walioachana kuchangia chuo cha mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Huangalia mali ya wazazi wote na ya mtoto mwenyewe, gharama huwekewa kiwango cha juu kinachofuata chuo kikuu cha jimbo hilo, na mtoto hutakiwa ashike alama za wastani wa C, asije mtu akalipishwa kwa masomo yasiyosomwa. Yapo majimbo mengine huko yasiyokuwa na amri kama hiyo. Nilipenda kile kiwango cha juu na sharti la alama. Vilinipa jawabu la hofu ambayo mtalaka wangu hakuisema kikaoni lakini naijua: kwamba ataingia mkataba usiokuwa na mwisho.

Mahakamani hatukwenda. Sababu ni binti. Aliposikia kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa mwombaji, alinijia jikoni jioni akaniambia, "Mama, mimi sitaki kumshtaki baba. Afadhali nisiende chuo." Nilimwambia kwamba chuo atakwenda, na kwamba kuomba kwa njia ya sheria si kushtakiana kwa chuki. Lakini nilimwelewa. Baba yake ndiye aliyemfundisha kuogelea pale Shela, ndiye anayempigia simu kila Ijumaa. Wapo watoto ambao baba zao hawasikii sheikh wala ndugu, na kwa hao nasema mahakama ipo na ni haki yao, waende bila kuona haya. Wetu alikuwa bado anasikia, na mlango wa maneno ulikuwa wazi.

Basi tukaandikiana, kwa kutumia wakili aliyetuandikia kwa lugha tunayoielewa. Kipengele kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote kilikuwa kiasi. Mimi nilitaka fedha taslimu iliyotajwa, ili nijue. Yeye aliogopa tarakimu. Tukakubaliana kwa mafungu: baada ya ufadhili na mkopo kutolewa, sehemu ya familia igawanywe, baba alipe theluthi mbili na mimi theluthi moja, na nauli na matumizi ya kila mwezi yawe nusu kwa nusu. Mafungu yana faida ambayo sikuiona mwanzoni. Chuo kikipandisha ada, hatulazimiki kukaa kikao kipya, na serikali ikimbadilishia mtoto kundi, mgawo unabaki uleule. Kisha tukapanga majira. Muhula wa kwanza, unaoangukia mwisho wa kusi, mimi natanguliza sehemu kubwa kutoka kwenye chama chetu cha wanawake. Muhula wa pili, kaskazini zikiwa zimevuma, yeye hulipa sehemu yake na kunirudishia niliyomtangulizia. Utaratibu huu hautamfaa mwalimu au askari anayepata mshahara kila mwezi. Kwa mtu wa bahari, malipo yasiyojua upepo hayalipiki.

Ada ya baba haipiti kwangu, wala kwa binti. Inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti anaipiga picha na kututumia sote. Hilo limeondoa maneno mengi. Kabla yake, kila senti iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na hadithi: mke wake wa sasa akisikia kwamba fedha imekuja kwangu, kwake ilikuwa fedha ya mtalaka, si ya mtoto. Tangu ionekane imeingia chuoni, yule mama ametulia, na wakati mmoja alimtumia binti yangu halua na viatu. Namheshimu kwa hilo.

Tukaandika pia mambo yanayoudhi kuyataja. Binti akirudia mwaka kwa uzembe, gharama ya kurudia haimlazimu baba. Akirudia kwa ugonjwa, inawalazimu wote wawili. Akiolewa kabla ya kumaliza, tutakaa upya, na mimi nilisimama imara kwamba neno "kuolewa" lisiwe sababu ya kukatisha ada wakati yeye bado anasoma. Mzee mmoja alisema hapo mume atalipa. Nikamjibu kwamba sijaona mwanamume anayeandikiwa deni la chuo kwenye posa. Kikabaki nilivyotaka. Alama zake za kila mwaka anawaonyesha wazazi wote. Mkopo wa HELB ni wake, ila tuliahidi kumsaidia kuulipa ikiwa mmoja wetu atakuwa amechelewesha sehemu yake mpaka akalazimika kuongeza deni.

Nimejifunza pia kitu kuhusu mtoto aliye katikati. Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa mjumbe: "mwambie baba yako", "mwambie mama yako". Alipofika chuo kwa muhula wa kwanza na sehemu ya baba ikachelewa, hakumwambia yeyote, akawa anakula mara moja kwa siku ili asiwe sababu ya ugomvi. Mwenzake wa chumba ndiye aliyenipigia. Tangu hapo habari za fedha tunazungumza mimi na baba yake, wawili tu, kwa simu, na yeye huambiwa kimoja: imelipwa, au italipwa tarehe fulani. Kama bado tungekuwa tunamtumia yeye, mkataba wote ule usingemsaidia.

Sitasema kwamba kila kitu kimenyooka. Mwaka huu mazoezi ya kazini yamedai kodi ya chumba Mombasa kwa miezi kadhaa, na neno hilo halimo katika maandishi yetu, kwa kuwa wote wawili hatukulijua. Bado tunavutana. Yeye anasema hiyo si ada, mimi nasema bila mazoezi hapati shahada. Ami amesema tukutane Idi itakapokuja.

Mdogo wake sasa yuko gredi ya sita. Kwa kuwa hajafika 18, makubaliano yake tuliyapeleka ofisi ya watoto, afisa akayasoma na sisi neno kwa neno, tukatia saini mbele yake. Yale maneno "mpaka atimize umri wa miaka 18" yameondolewa. Mahali pake imeandikwa kwamba wazazi wote wawili watagharamia masomo yake mpaka amalize shahada, stashahada au ufundi wa kwanza atakaouchagua, pamoja na mazoezi ya kazini na makazi yake wakati wa mazoezi hayo, kwa mgawo wa theluthi mbili na theluthi moja, utakaoangaliwa upya kila anapoingia daraja mpya ya masomo. Baba yake alisaini wa kwanza.